Habari Zisizopikwa: Mwongozo wa Mama Fotokopi wa Muheza

Nina duka la steshenari hatua chache kutoka stendi ya Muheza, mkoani Tanga. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za maombi ya kazi, na tangu mwaka 2009 naandika habari za huku kwetu mtandaoni. Mtaani wananiita Mama Fotokopi. Haupiti mwezi bila kijana kuvuta kigoda, kuniamkia, kisha kuuliza: "Mama, na mimi nataka blogu ya habari. Naanzia wapi?" Nimejibu kwa mdomo mpaka koo limekauka. Haya, leo najibu kwa maandishi.

Kabla ya duka nilikuwa mwandishi wa kujitegemea. Natuma habari Dar es Salaam kwa faksi, nalipwa kwa ile iliyotoka. Isiyotoka ilikuwa sadaka. Gazeti lenyewe lilitufikia kwa basi, jua likiwa utosini, na wilaya nzima tulipata aya nne pale tu waziri alipokuja au mtu alipouawa. Machungwa yakioza kando ya barabara kwa kukosa mnunuzi, mhariri alikuwa akiniambia, "Hiyo ni kila mwaka, siyo habari." Sasa mwambie hivyo mkulima aliyekopa hela ya dawa ya kupulizia.

Waliotufungulia njia ni wachache. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianza blogu ya Kiswahili, Jikomboe. Mwaka uliofuata Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, akaanzisha yake, na Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanaamka nayo kuona nani kaoa, nani kafiwa, mvua imenyesha wapi. Mwaka 2006 ikaja Jambo Forums, ambayo leo ndiyo JamiiForums, na magazeti yakaanza kufuata nyuma ya mambo ambayo wananchi walikuwa wameshayajadili usiku kucha. Kwa majirani zetu Kenya, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, Ory Okolloh alitoa wazo kwenye blogu yake kwamba matukio ya vurugu za baada ya uchaguzi yawekwe kwenye ramani. Wataalamu wa kompyuta wakaitengeneza ndani ya siku chache, wananchi wakatuma taarifa kwa meseji, na jina lake likawa Ushahidi. Mimi niliyasoma hayo kwenye intaneti kafe moja mjini Tanga, nalipia kwa dakika. Nikajiambia, kumbe faksi si lazima.

Chukua eneo dogo

Usifungue ukurasa wa "habari za Tanzania". Chagua kata mbili au tatu, zile unazoweza kwenda na kurudi kwa bodaboda kabla ya magharibi. Nunua daftari gumu. Andika jina na namba ya mtendaji wa kata, diwani, mwenyekiti wa kila kijiji, mganga mfawidhi wa kila zahanati, mwalimu mkuu, na mtu wa kamati ya maji anayeshika funguo za pampu. Nasema daftari kwa sababu simu yangu iliibiwa stendi, ikaondoka na miaka mitano ya majina.

Kisha nenda ukajitambulishe kabla hujawahitaji. Mtendaji aliyekuona mara ya kwanza ukiwa umemshikia simu puani hatakujibu, na mimi simlaumu.

Habari nyingi zimebandikwa tayari, watu hawazisomi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa walau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa pale. Usipoitishwa, hiyo yenyewe ni habari: andika tarehe ya mkutano wa mwisho na uulize kwa nini. Baraza la madiwani lina viti vya wananchi. Kaa nyuma, nyamaza, andika. Na kila mwaka ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikishawasilishwa bungeni hupatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Pakua ile ya serikali za mitaa, tafuta jina la halmashauri yako, soma kila mstari linapotokea. Waandishi wa Dar watashughulika na mabilioni. Wewe unatafuta mradi mmoja ambao njia yake unaijua kwa miguu.

Ukihitaji takwimu za ofisi, andika barua ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inaipa ofisi siku zisizozidi thelathini kujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Bila muhuri ule, siku ya thelathini na moja utaambiwa hukuleta kitu. (Ndiyo, nakala zitolee kwangu.)

Picha iliyotumwa ni tetesi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoungua.

Masika ya mwaka 2012 nilitumiwa picha ya basi limepinduka. Aliyetuma aliandika, "Sasa hivi, barabara ya Segera." Niliiweka ndani ya dakika kumi, nikafurahi kuyatangulia magazeti. Haikupita saa moja, mama mmoja aliingia dukani bila viatu. Mwanawe alikuwa safarini siku ile na simu yake haipatikani. Alikaa kwenye kigoda changu mpaka usiku, akitetemeka, mimi nampa maji asiyoyanywa. Kijana akafika salama; betri ilikuwa imekwisha. Basi la kwenye picha lilipinduka mahali pengine kabisa, zamani. Nilipoitazama tena kwa utulivu nikaona aibu yangu: nyuma ya basi kuna migunga na nyasi kavu, rangi ya mkeka wa zamani. Sisi tulikuwa katikati ya mvua, Muheza yote kijani.

Tangu siku ile natumia kipimo kimoja ambacho hakijawahi kuniangusha. Namjibu mtumaji: "Asante mwanangu. Hebu geuka kulia unipigie nyingine." Aliyepo atageuka. Aliyesambaziwa ataanza kueleza kwamba ameondoka, kwamba bando limekwisha, kwamba picha ni ya shemeji. Na namwomba ile ya kwanza anitumie kama dokumenti, si kama picha, maana WhatsApp ikituma picha kwa kawaida hufuta tarehe na saa iliyopigwa. Halafu naipitisha kwenye Google Lens kuona kama ilishawahi kutokea kwingine.

Baada ya hapo natumia macho. Mvua au jua? Kivuli kimelala upande gani, na mtu anadai ni saa ngapi? Sare ya wanafunzi ni ya shule gani? Mtu akisema gari la halmashauri limebeba saruji ya shule, nataka kuona namba: SM ni la serikali za mitaa, ST ni la serikali kuu, SU ni la shirika la umma. Siku moja "gari la halmashauri" lilikuwa na namba za kawaida kabisa, mali ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekuwa akipeleka mzigo uliolipiwa. Nusura nimwite mtu mwizi kwa sababu ya rangi ya gari.

Mwisho, piga simu mbili. Wa kwanza awe aliyeona kwa macho, si aliyesikia. Wa pili awe anayetuhumiwa au ofisi yake. Asipopokea, andika saa ulizompigia. Watu wawili waliosoma ujumbe uleule kwenye kundi moja la WhatsApp ni shahidi mmoja.

Na majina ya waliokufa hayatoki kwangu kabla ndugu hawajajua, hata kama kurasa kumi zimeshayatoa. Watanipita kwa saa mbili. Wapite.

Yale ninayoyajua na siyaandiki

Kwenye mashine yangu hupita hukumu za mahakama, vyeti vya hospitali, talaka, barua za kusimamishwa kazi. Ningetaka, ningekuwa na habari kila siku na duka ningelifunga kwa kukosa wateja. Kilichopita kwenye mashine hakijawahi kuwa habari. Kijana wa bodaboda ana ya kwake: anajua nani alishuka wapi saa tano usiku. Nesi ana yake. Kabla hujaanza, amua kazi yako inakuonyesha yapi ambayo hutayagusa, na uwaambie watu hivyo waziwazi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini jirani hatakusubiri mahakamani.

Sheria kwa ufupi

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania; ukijumlisha ada ya maombi na ya leseni, ilivuka shilingi milioni mbili. Mimi sikuwa nazo. Nikazima blogu, nikawa nachapa ukurasa mmoja na kuubandika mlangoni. Kanuni mpya zilikuja mwaka 2020, na ada zikapunguzwa baadaye. Tukachanga watatu, tukasajili. Usichukue maneno yangu kama ndiyo sheria ya leo: soma kanuni za sasa kwenye tovuti ya TCRA kabla hujachapisha neno. Soma pia kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachohusu kusambaza taarifa za uongo. Kinamlenga anayejua kuwa taarifa ni ya uongo na anayekusudia kupotosha, lakini usingoje kuulizwa nia yako ndipo uhakiki.

Kuhusu watoa habari: Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, na kiini cha kesi kilikuwa kutokuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Yeye ana mawakili. Wewe una simu moja yenye nywila ya tarehe yako ya kuzaliwa. Kwa hiyo usiweke simuni jina la aliyekupa siri, futa meseji zake, na usimwahidi ulinzi usioweza kuutoa.

Bahasha na makanjanja

Ukianza kujulikana utaitwa kwenye hafla. Utapewa soda, kisha bahasha ya kaki yenye "nauli". Mimi mwaka wa kwanza nilipokea mbili na habari zote mbili ziliandikwa kama kadi ya mwaliko. Nikizisoma leo natamani ardhi ipasuke. Sasa nauli yangu najilipia, na kama ni mbali naandika mwishoni nani alinipa usafiri. Matangazo ya biashara napokea, lakini tangazo liandikwe TANGAZO.

Kanjanja, yaani mwandishi tapeli, utamtambua kwa jambo moja: anampigia mtu simu kabla ya kuandika, si kumuuliza, bali kumwambia kuna habari mbaya "inayoweza kuzuilika". Ukifanya hivyo hata mara moja, daftari lako lote limekufa.

Waandishi wa vyombo vikubwa sasa ndio wanaonipigia mimi. "Mama, una picha ya daraja?" Ninayo, natoa, naomba jina la ukurasa wetu liwekwe. Aliyesahau mara ya kwanza nampigia kwa upole. Akisahau tena, picha inayofuata anaipata na jina letu limekaa katikati kama nzi kwenye uji. Redio jamii nao muhimu: wapelekee habari yako iliyokamilika, wasomewe hata wasio na bando.

Rudi ulikotoka

Vyombo vikubwa vikija, vinakuja mara moja. Wewe unaishi hapo. Kuna kijiji kimoja ambako wananchi walijenga boma la zahanati kwa nguvu zao, wakaahidiwa bati. Niliandika siku ya ahadi. Kisha kila baada ya miezi mitatu nikasimama pale pale, chini ya mwembe uleule, nikapiga picha ileile. Nyasi magotini. Nyasi kiunoni. Mbuzi amelala kwenye chumba cha kujifungulia. Sikuongeza tusi hata moja. Niliandika tarehe ya ahadi na idadi ya siku. Picha ya saba ndiyo iliyozungumzwa kwenye baraza la madiwani, na ya tisa ilikuwa na paa. Sidai ni mimi niliyeezeka. Diwani alihangaika, kamati ilihangaika. Ila ile hesabu ya siku ilikuwa ngumu kuijibu.

Kwa hiyo nyuma ya daftari tenga kurasa za ahadi: nani, aliahidi nini, mbele ya nani, lini. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, fungua hapo kwanza.

Ukurasa wa mlangoni sijauacha. Intaneti ilipozimwa siku za uchaguzi wa Oktoba 2025, karatasi ile ndiyo iliyowaambia watu zahanati ipi ina dawa na nauli ya Tanga ni kiasi gani. Siku za kawaida wazee husimama kuisoma wakitoka kunywa kahawa. Mwalimu mmoja mstaafu huja na kalamu nyekundu, husahihisha herufi, na mara nyingine ukweli: "Mkutano ulikuwa Jumanne, siyo Jumatano. Nilikuwepo." Narudi ndani, narekebisha mtandaoni, naandika chini yake kwamba nimerekebisha na nini. Ukichapa ya kwako, acha pambizo pana.