Dele la kahawa lililobonyea: kulinyoosha na kulitia bati nyumbani

Dele likimponyoka muuza kahawa hubonyea tumboni, na mwenyewe hulipeleka kwa fundi wa kwanza anayemwona. Mara nyingi ni fundi redio. Anaziba tundu kwa risasi, jioni hiyo hiyo dele liko barabarani, watu wanakunywa. Ndiyo maana naandika haya. Ndani ya chombo cha kahawa huingia bati, ile metali laini nyeupe ya kupakia vyombo, si bati la paa. Risasi ni sumu, na kahawa yenyewe ina ukali wa kuitafuna taratibu.

Meza kwanza. Karakana si lazima. Mimi nafanyia uani, Magomeni, juu ya meza nzito isiyoyumba, jiliwa imekazwa kwa bolti pembeni. Kwenye jiliwa nabana kipande cha bomba la chuma ambalo ncha yake nimeilainisha kwa tupa mpaka ikawa kama goti. Ongeza nyundo ya mti, msasa wa 400 na wa 800, koleo ndefu, tochi ya gesi, ndoo ya maji. Ukizunguka Kariakoo na Gerezani hukosi kitu. Bomba langu nililipata kwenye vyuma chakavu, kwa kilo. Moto uwe nje, lakini kivulini. Juani huwezi kuiona rangi ya shaba iliyoshika moto, utaiunguza.

Kagua kabla ya kuwasha chochote. Pitisha kidole kwenye maungio. Ukikuta uvimbe wa kijivu unaokwaruzika kwa kisu, hiyo ni lehemu ya zamani, ambayo mara nyingi ina risasi. Ipashe polepole mpaka ilainike, ifute yote kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha malizia kwa msasa uliolowa ili vumbi lisipeperuke. Kitambaa hicho kitupe, na mikono unawe kabla hujagusa chakula. Ukiiacha halafu ukapandisha moto mpaka wekundu, lehemu inaingia kwenye shaba na kuila. Utabaki na tundu kubwa kuliko ulilokuja nalo. Na kama kitako chenyewe kimeshikiliwa na lehemu, usilipeleke kwenye wekundu kabisa.

Kulainisha. Dele la manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na kila nyundo inavyoligonga linazidi kuwa gumu. Ukilazimisha, linapasuka. Pasha sehemu iliyobonyea mpaka uone wekundu hafifu sana, ule wa kuonekana kivulini tu, kisha ondoa moto. Liache lipoe, au litumbukize majini; shaba haigeuki ngumu ikipozwa ghafla, kama kifanyavyo chuma cha kaboni. Ukiona moshi mweupe umepitiliza, zinki inaungua, na moshi huo ukiuvuta utalala na homa usiku. Simama upande upepo unakotoka.

Sasa livalishe kwenye bomba, ncha ikiegemea bonde kwa ndani, na ugonge kwa nje, ukianzia ukingo wa bonde kuelekea katikati. Gonga kidogo kidogo. Sauti ikibadilika, kutoka ile ya kufa kuwa ya kulia, shaba imekuwa ngumu tena: rudi kwenye moto.

Kusafisha. Ukwaju na chumvi vinatosha, ndivyo bibi zetu walivyosugulia sinia. Dakika kumi, sugua, suuza. Dele langu la kwanza nililiacha kwenye ukwaju usiku kucha. Asubuhi lilikuwa na mabaka ya waridi, kwa sababu tindikali ilikuwa imeichukua zinki na kuacha shaba nyekundu. Mabaka yale sikuyatoa hata kwa msasa.

Bati. Hapa usiharakishe. Kwanza hakikisha ulichonunua. Bati safi ukilikunja karibu na sikio hulia, kama kijiti kinachovunjika polepole. Risasi iko kimya, na ukiiburuta kwenye karatasi nyeupe huacha mstari wa penseli. Waya ulioandikwa 60/40 una risasi asilimia 40. Warudishie mafundi redio.

Ndani ya dele pawe panang'aa, pakavu, bila alama ya kidole. Pasha kwa nje, nyunyiza unga wa kloridi ya amonia, unaosaidia bati kushika, kisha dondosha kipande cha bati. Linayeyuka kwenye nyuzi 232, mapema kuliko unavyotarajia. Likianza kukimbia, lifuate kwa kitita cha pamba ulichokishika kwa koleo, ulipake kama unavyopaka siagi kwenye mkate wa moto. Pasiposhika bado pana uchafu: acha lipoe, sugua, rudia. Moshi wa unga ule unawasha macho, kwa hiyo watoto wakae mbali.

Lisuuze, chemsha maji ndani yake mara mbili na uyamwage. Mwambie mwenyewe asiliweke tupu juu ya mkaa hata dakika moja, bati litateleza lote chini. Kisha lijaze maji, lilaze juu ya gazeti usiku kucha. Gazeti likiamka kavu, mpigie aje kulichukua.