Somo: Virusi vya viazi vinavyochanganyika shambani, na jinsi ya kuvinyima pa kukutania

Wanakikundi wenzangu, mvua za kwanza zinakaribia na wengi huku Uporoto na Umalila, mkoani Mbeya, mmeshatenga mbegu. Kabla hamjafungua matuta, naomba tuelewane jambo moja: aina mpya ya kirusi si lazima itoke mbali. Inaweza kuzaliwa ndani ya shina moja la kiazi mviringo, shambani kwako, pale aina mbili zinapokutana.

Hatua ya 1: Mjue adui. Kirusi Y cha viazi, kwa kifupi PVY, ni uzi mmoja wa RNA, yaani maagizo ya kurithi ya kirusi, wenye herufi takriban 9,700, umevikwa koti la protini. Huenezwa na vidukari, tena husafiri ndani ya mbegu: kiazi cha shina gonjwa huota na ugonjwa wake. Aina za zamani zinazojulikana sana ni O na N. O mara nyingi huonyesha batobato la wazi, yaani mabaka ya kijani kilichopauka na kilichokolea, kwenye majani ya viazi. N hujificha zaidi kwenye viazi, ingawa kwenye tumbaku hukausha mishipa ya majani.

Hatua ya 2: Elewa zinavyochanganyika. Hapa twende polepole. Aina zote mbili zikiingia seli moja, kimeng'enya cha kirusi kinaanza kunakili RNA. Ni kama mwanafunzi anayenakili daftari huku daftari jingine linalofanana nalo liko wazi pembeni: jicho linaruka katikati ya ukurasa, na sentensi inamalizikia kwenye daftari la pili. Nakala inatoka na kipande cha N na kipande cha O. Nyingi za namna hiyo ni mbovu na hupotea. Ikipatikana moja inayostawi kuliko wazazi wake, ndiyo itakayobebwa na vidukari.

Mfano ni aina iitwayo N-Wi. Ina kipande cha N kuelekea mwanzoni, sehemu kubwa iliyobaki ni O, na koti ni la O. Kipimo kinachotazama koti pekee kitasema "hii ni O", na majani ya viazi vingi huonyesha dalili hafifu tu. Aina nyingine ya mchanganyiko, NTN, imeruka kati ya N na O mara kadhaa. Hiyo ndiyo huchora pete zilizokauka kwenye ganda la kiazi. Ulaya na Marekani, aina hizi za mchanganyiko zimeisukuma O ya kawaida pembeni.

Na sisi wakulima tunazisaidia. Tukiing'oa mimea yenye batobato la wazi peke yake, tunabakiza ile yenye ugonjwa usioonekana, kisha tunaifanya mbegu. Jambo hili linaniumiza sana.

Hatua ya 3: Usichanganye mbegu. Mbegu ya Kikondo, aina ya viazi vyetu, uliyoirudia misimu mingi, ukaijazia na viazi vya chakula kutoka soko la Mwanjelwa, inakuwa mkutano wa virusi. Nunua mbegu iliyothibitishwa, hata kidogo, uitenge kwenye kipande chake mbali na shamba la biashara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kitakushauri aina inayofaa eneo lako.

Hatua ya 4: Ng'oa maotea yote, yaani viazi vilivyojiotea kutoka msimu uliopita.

Hatua ya 5: Weka vijiti. Viazi vikianza kuchanua, chomeka kijiti kwenye kila shina lenye afya kamili. Rudi baada ya wiki mbili. Lililobadilika, toa kijiti chake. Mbegu itoke kwenye vijiti tu. Njia hii hupunguza virusi bila kuvimaliza, kwa hiyo mbegu mpya bado itahitajika.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Nikipiga dawa ya vidukari kila wiki, si nimemaliza?*
Marahaba mwanangu. Hapana. Kidukari huchukua PVY na kuipandikiza kwa kuonja jani sekunde chache tu. Anayeruka kutoka shamba la jirani ameshaambukiza kabla dawa haijamuua. Pesa hiyo weka kwenye mbegu.

*Je, viazi vyenye pete vina madhara kwa mlaji?*
PVY haimwambukizi binadamu. Hasara iko sokoni, maana mnunuzi atavikataa.

*Ule ugonjwa mkali wa mahindi nao ni mchanganyiko kama huu?*
Hapana, dada. Pale virusi viwili vya familia tofauti, kwa kawaida MCMV (kirusi cha mahindi) na kile cha batobato la miwa, huishi pamoja kwenye mmea mmoja na kuzidisha madhara. Kila kimoja kinabaki na vinasaba vyake.

*Ndugu zangu wa Kyela wanalima muhogo. Jambo hili linawahusu?*
Linawahusu sana. Mwaka 1997 watafiti walieleza kirusi cha batobato kali kilichoangamiza muhogo Uganda: ni kirusi cha batobato la muhogo cha Afrika Mashariki kilichobeba ndani ya jeni lake la koti kipande kutoka kirusi kingine cha batobato la muhogo wa Afrika. Hicho huenezwa na inzi weupe, na pia kwa vipando. Waambie wasikate vipando kwenye shina lenye batobato, na wasipokee vya mbali visivyokaguliwa.