Kupanda mikoko Chwaka: ninavyowaelekeza wanafunzi wangu

Nafundisha masomo ya mazingira chuoni, na darasa nilipendalo zaidi ni tope la Ghuba ya Chwaka, kisiwani Unguja. Wanafunzi wapya nawaambia: kabla ya kupanda, muulizeni mzee wa pwani hapo palikuwa na mti gani na umeondokaje. Kama ulikatwa kwa kuni au boriti, pandeni. Kama njia ya maji imezibwa, ifungueni kwanza, la sivyo miche itakufa.

Mikoko ni ya aina nyingi, na kila aina ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele, ukingoni mwa bahari. Mkoko wenyewe na mkandaa hufuata nyuma. Mchu huvumilia chumvi nyingi. Hunisikitisha sana kuona watu wakichomeka mikoko juu ya nyasi bahari: maji huifunika muda mrefu mno, na nyasi hizo ni makazi ya samaki.

Mbegu za mkoko okoteni zilizokomaa, zenye shingo ya manjano, zisizotobolewa na kaa wala wadudu. Bahari ikishakupwa, chomekeni theluthi ya urefu wake, ncha iliyochongoka chini, mkiacha kama mita moja kati ya mche na mche. Msizipigilie. Baada ya miezi michache rudini mhesabu iliyoshika.