Anza na panja, picha baadaye: namna ya kuchagua mtindo wa nywele unaokufaa

Mteja anakaa kwenye kiti, ananinyooshea simu: "Dada, nisuke hivi." Kwenye picha kuna rasta za kiunoni, nyembamba kama utambi, kichwani kwa mtu mwenye nywele nzito na panja zilizojaa. Huyu niliye naye nywele zake ni nyepesi, na panjani pameanza kung'aa. Namwomba airudishe simu mkobani kwanza. Picha nitaitaka, ila zamu yake ni hatua ya tano.

Hatua ya 1: Kagua panja

Simama penye mwanga wa dirisha, rudisha nywele zote nyuma kwa kiganja bila kuzibana. Tazama panja zote mbili, nyuma ya masikio, na kisogoni pale nywele zinapoanzia. Panja zenye afya zina nywele changa, laini kama za mtoto, zimekaa zinavyotaka. Zilizochoka zina vijipele, magamba kwenye mizizi, au vinywele vilivyokatika kimo kimoja kana kwamba vimepitiwa na wembe.

Ukikuta ngozi nyororo inayong'aa, haina hata vitundu vya nywele, usisuke hapo. Muone daktari wa ngozi. Nywele zilizong'oka kwa kuvutwa huota tena zikiwahiwa. Zikivutwa miaka na miaka vitundu hufunga kwa kovu, na hapo hakuna mafuta yatakayovifungua, hata chupa iandikwe nini.

Panja zikilalamika, futa haya: weving iliyoshonwa juu ya mistari ya kukazwa, rasta ndefu na nzito, wigi la kubandika kwa gundi, na ule mtindo wa kubana shungi juu kila siku mpaka macho yanapanda. Yanayobaki si machache. Kuna misokoto minene ya nywele zako mwenyewe, afro, nywele fupi za kukata, au mistari minene iliyosukwa kwa mkono mwepesi, safu ya mbele ikianzia nyuma kidogo ya nywele changa.

Nimechelewa hapa makusudi. Zamani nilikuwa nasuka chochote nilichoombwa. Mmoja nilimsuka saa nane nzima, akaondoka anacheka. Siku ya pili akarudi na vijipele vyenye maji paji zima la uso, nikafumua nusu ya kazi yangu kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo naanza na panja.

Hatua ya 2: Pima nywele zako

Vuta fungu moja la nywele, ulinyooshe taratibu mpaka mwisho. Nywele za kipilipili zilizojikunja zinaweza kuonekana za sentimita 4, ukizinyoosha zikafika 12. Msusi anahesabu huo urefu wa kunyooshwa.

Rasta zisizo na fundo, zile zinazoanza na nywele zako peke yake halafu za bandia zinaongezwa kidogo kidogo, zinataka angalau sentimita 5 hivi ili zishike. Uzuri wake ni kwamba uzito hauangukii mzizi kwa mpigo, na siku ya kwanza unaweza kugeuza shingo kama binadamu. Rasta za fundo zinashika hata nywele fupi zaidi, lakini fundo lenyewe ndilo linalovuta.

Nywele za singa huteleza, rasta zikafumuka zenyewe kabla hujazifaidi. Kwako wewe mkasi una faida kuliko kusuka. Na kama umetia dawa ya kunyoosha nywele juzi, usisuke leo. Subiri angalau wiki 2, ngozi ipoe na nywele zipate nguvu.

Hatua ya 3: Hesabu siku zako

Jiulize kama unaogelea, kama unavaa helmeti, kama unatoka jasho la mazoezi kila siku. Mwenye helmeti asisuke shungi la utosini. Mwenye jasho asishone weving, maana ngozi haitafikika vizuri kuoshwa.

Watu hukata nywele wakidhani wamepumzika. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na zaidi kidogo. Kwenye rasta haitakusumbua upesi. Kwenye kichwa kilichonyolewa kwa umbo, wiki 3 zikipita umbo limeshapotea na unatakiwa kurudi kitini.

Hatua ya 4: Uzi na kioo

Kata nyuzi tatu. Wa kwanza upime upana wa uso kwenye mifupa ya mashavu, wa pili upana wa taya, wa tatu urefu kutoka nywele zinapoanzia hadi ncha ya kidevu. Zilaze mezani sambamba, uziangalie.

Uzi wa urefu ukikaribia kulingana na wa mashavu, uso wako ni mfupi: wa duara kama taya imeviringa, wa mraba kama taya ina kona na uzi wake unakaribia wa mashavu. Hapo tafuta kimo. Inua nywele juu kidogo, weka njia ya pembeni, urefu upite kidevu. Mwenye kona za taya azilainishe kwa mawimbi au rasta zilizojikunja mwishoni. Mkato ulionyooka unaoishia tayani utaipigia taya mstari chini yake.

Uzi wa urefu ukizidi wa mashavu kwa nusu yake hivi, uso ni mrefu. Usiongeze shungi la utosini. Tafuta upana: afro iliyojaa pembeni, panki inayoangukia paji la uso, rasta za mabegani badala ya kiunoni. Ukizidi kidogo tu, huo ni uso wa yai, na karibu kila kitu kitakukaa.

Uzi wa taya ukiwa mfupi sana kuliko wa mashavu, kidevu chako kimechongoka. Ujazo unaoangukia usawa wa taya utakisaidia.

Wenye komwe huambiwa wafunike kwa panki. Mimi nina komwe, na nasuka twende kilioni, mistari yote inarudi nyuma, paji liko wazi. Uzi unakuonyesha kilichopo tu. Kufunika au kuonyesha ni hiari yako. Kisogo ndicho watu husahau. Kabla ya kukata fupi, jipige picha ya ubavuni.

Hatua ya 5: Sasa lete picha

Tafuta picha ya mtu mwenye ujazo wa nywele na umbo la uso karibu na lako. Kisha chukua rundo moja la nywele za bandia, likunje katikati, libane kwa pini juu ya sikio. Liache lianguke hadi begani, jitazame. Lishushe kifuani, halafu kiunoni. Tembea nalo, inama kama unayefunga kamba za viatu. Dakika tano hizi zimewahi kuwapunguzia wateja wangu wengi nusu ya urefu walioutaka.

Hatua ya 6: Sema na msusi kwa vipimo

"Nisuke vizuri" haimsaidii. Mwambie ukubwa wa visanduku vya kichwani, yaani yale mafungu ya nywele yanayogawanywa kwa kila rasta, njia ipite wapi, urefu uishie wapi, na nywele changa za mbele zisiguswe. Kumbuka kuwa rasta nene kwenye kisanduku kidogo ni mzigo mkubwa kwa nywele chache. Kama nywele za bandia huwa zinakuwasha, ziloweke mapema kwenye maji yenye siki kidogo, zisuuze, zikauke.

Ukiumia, sema palepale. Usemi wa "vumilia, itazoea" ni uvivu wa msusi.

Hatua ya 7: Usiku wa kwanza, na siku ya kufumua

Ukishindwa kulala kwa maumivu, au ukaona ngozi imeinuka kwenye mizizi kama hema, fumua safu ya mbele asubuhi hiyohiyo. Ikiwa salama, lala na kitambaa laini kichwani, na usipitishe wiki 6 hadi 8.

Siku ya kufumua utabaki na rundo la nywele mkononi. Usipige kelele kwanza. Kichwa hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na kwa wiki 6 zilikuwa zimenaswa humo ndani: kati ya 2,100 na 4,200. Chukua chache uziangalie ncha. Zenye kitone cheupe zilitoka zenyewe. Vipande vifupi visivyo na kitone vimekatika. Vikiwa vingi, mpelekee msusi avione kabla hajakusuka tena.