Mwili kama mandhari: utupu wa kisanaa kwa taa moja

Picha ya utupu inayogeuka kuwa mistari na vilima haipatikani kwa kuongeza taa. Anayeanza huwasha ya pili ili "aone vizuri", na hapo hapo umbo linarudi kuwa mtu aliyevua nguo. Maelekezo haya yanatumia taa moja, chumba cha mita 4 kwa 5 chenye mapazia mazito, na giza jingi.

1. Makubaliano kabla ya kamera

Modo, yaani anayepigwa picha, awe ametimiza miaka 18, na uthibitishe kwa kitambulisho, si kwa maneno. Andikeni ridhaa inayotaja wazi: uso utaonekana au la, sehemu zipi za mwili zisionekane, na picha zitakwenda wapi (ukutani, kwenye maonyesho, mtandaoni). Awe huru kuja na mtu anayemwamini. Mkao unarekebishwa kwa maneno au kwa wewe kuuonyesha, humgusi. Kwa walioko Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta, na anayeamua ipi ni sanaa na ipi siyo si mpiga picha. Ukisita, chapa kwenye karatasi tu.

2. Jaribu kwa pilipili hoho

Si mzaha. Mwaka 1930 mpiga picha Mmarekani Edward Weston aliweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati, na mikunjo yake ikaonekana kama mgongo na mabega ya mtu. Nunua moja iliyopinda, iweke mezani, zungusha taa kuizunguka na uangalie ni wapi mkunjo unazaliwa na wapi unakufa. Nusu saa ya hapo inakuokolea saa mbili za modo kusimama uchi akikusubiri ubahatishe.

3. Andaa mwili na chumba

Modo avae nguo pana zisizo na mpira angalau saa moja kabla. Alama ya sidiria au soksi, ikipigwa na mwanga wa pembeni, inageuka mtaro. Zima feni na kiyoyozi: vinyweleo vikisimama kwa baridi, kila kimoja kinatoa kivuli chake na ngozi inafanana na ya kuku aliyenyonyolewa. Nyuma ning'iniza mahameli nyeusi. Shuka jeusi la kawaida hurudisha mwanga na kutoka kijivu.

4. Weka taa nyuma kidogo ya ubavu

Tumia flashi yenye softboksi (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga) nyembamba, kama sentimita 30 kwa 120, ikiwezekana yenye wavu wa mraba mbele ili mwanga usitapakae. Chukulia kamera iko saa 6 na modo yuko katikati ya saa: taa ikae kati ya saa 2 na saa 1, yaani nyuma kidogo ya ubavu wake, sentimita 60 kutoka kwenye ngozi. Ukiivuta mbele hadi saa 4, vivuli vinajaa mwanga na mwili unakuwa bapa.

Umbali huo una sababu. Mwanga hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo pazia lililo mita 2.4 kutoka kwenye taa linapata sehemu ndogo tu ya kinachofika kwenye ngozi. Ukiisogeza taa nyuma hadi mita 2, pazia lile lile linaanza kuonekana, na bega la mbali linang'aa karibu sawa na la karibu. Mteremko wa mwanga unapotea.

Upande wa pili, mahali ambapo vitabu vingi vinakuambia uweke kadibodi nyeupe, weka nyeusi. Kuta nyeupe za chumba kidogo zinarudisha mwanga na kukoroga kivuli bila wewe kujua.

Huna flashi? Dirisha lenye pazia zito lililoachwa wazi sentimita 25 linafanya kazi ile ile. Ushauri wa Ulaya wa "dirisha la kaskazini" huku kwetu ni nusu kweli: Dar es Salaam au Nairobi, mwezi Desemba jua liko kusini, basi dirisha la kaskazini lina mwanga tulivu, mwezi Juni geuza, tumia la kusini.

5. Mipangilio

Kila kitu kwa mkono: ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, shata 1/125, tundu f/8 hadi f/11, lenzi ya milimita 85. Piga kwanza flashi ikiwa imezimwa. Picha itoke nyeusi tii. Kama kuna chochote kinachoonekana, ni mwanga wa chumba unaoingia. Kisha washa, na upunguze nguvu ya taa hadi sehemu angavu kabisa ya ngozi ibaki na vinyweleo na vitundu vyake. Ukiiachia kamera ipime yenyewe, inaona weusi mwingi, inadhani picha haina mwanga, na inaunguza ule ukingo unaoutaka.

Kwa ngozi nyeusi, kinachochora umbo zaidi ni mng'ao. Usiongeze nguvu ya taa. Badilisha pembe yake mpaka uso wa taa ujioneshe kwenye ngozi kama kwenye kioo. Nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi kinatosha mgongo mzima. Yakizidi unapata madoadoa meupe.

6. Kata fremu

Ondoa uso, vidole na nywele, kwani ndivyo jicho linavyovitumia kumtambua mtu. Modo akilala ubavu, kiuno na nyonga huwa bonde na kilima. Akikunja mgongo na kuinamisha kichwa, mbavu zinajitokeza anapovuta pumzi, piga anapoishikilia. Mpiga picha wa Uingereza Bill Brandt alitumia lenzi pana akiwa karibu sana, hata goti au sikio kwenye ufukwe wa mawe likaonekana jiwe miongoni mwa mawe. Njia hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana kivuli chako mwenyewe kinaingia kwenye picha.

7. Vivuli vya michoro

Chekeche, jamvi lenye matundu au luva za dirisha zinaweza kuandika mistari mwilini. Jua lina upana wa takriban nusu nyuzi angani, kwa hiyo ukingo wa kivuli hufifia kama sentimita 1 kwa kila mita kati ya kizuizi na ngozi. Chekeche ikiwa karibu sana na ngozi, ukingo ni mkali. Ikiwa mita 2, matundu madogo yanayeyuka kuwa viduara, sawa na vile vinavyoonekana chini ya mwembe saa sita mchana. Kwa flashi toa softboksi, tumia flashi ndogo ya aina inayochomekwa juu ya kamera, ukiiweka mita 4 kutoka kwa modo. Taa pana haitoi mistari hata ukeshe.

8. Kugeuza nyeusi na nyeupe

Fungua faili la RAW (faili ghafi la kamera) kwenye programu ya kuhariri na utumie vitelezi vya rangi kabla ya kitu kingine. Chungwa na nyekundu zikipanda, ngozi inalainika na madoa yanafifia. Zikishuka, kila kovu linajitokeza. Usiinue vivuli. Kabla ya kuchapa kubwa, chapa kipande cha sentimita 10 kwenye karatasi ile ile: karatasi isiyong'aa haina weusi mzito wa skrini, na mteremko wa mwisho kabla ya giza ndio unaomezwa kwanza.