Kutafuta na Kuziba Uvujaji wa Maji katika Injini ya Lori Kuukuu la Dizeli

Lori linalopungua maji kila siku lisiongezwe maji tu na kurudishwa barabarani kubeba magunia ya karafuu, kwa sababu maji hayo ama yanadondoka chini, ama yanatoka na moshi, ama yanaingia katika oili, na hili la mwisho ndilo linaloua injini.

Kazi ianze asubuhi, injini ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto, kwani maji yaliyobanwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiulegeza tu huruka na kumbabua mtu. Jaza maji, funga pampu ya kupimia shinikizo kwenye mdomo wa rejeta, ipampu mpaka kiwango kilichoandikwa juu ya mfuniko wala usikizidishe, kisha ngoja robo saa. Mshale ukishuka, tazama mipira na vibano vyake, maungio ya rejeta, na kile kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, ambacho kikidondosha maji huonyesha kuwa sili ya pampu imekwisha. Haya yote hutengenezeka kwa siku moja.

Mshale ukishuka na nje pakawa pakavu, tatizo limo ndani. Lori likishalala usiku kucha, legeza polepole nati ya kumwagia oili: maji ni mazito kuliko oili, hivyo hutangulia kutoka. Mapovu yasiyokoma katika rejeta mara tu injini inapowashwa ni dalili ya gesi ya silinda kupenya kwenye gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho chini ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, au ya hedi iliyopasuka. Yakikosekana mapovu na oili ikawa na maji, shuku ringi za mpira zilizo chini ya slivu, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, rudisha shinikizo, umulike kwa tochi kutoka chini, utaiona slivu inayotiririka. Fundi anayeng'oa hedi kabla ya kipimo hiki anamtia mwenye gari gharama isiyo ya lazima.

Hedi ikifunguliwa, ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma, na boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kwa kiwango cha kitabu cha injini hiyo. Dawa za unga za kuziba matundu siziungi mkono, kwani huziba pia njia nyembamba za rejeta.

Maji yenyewe yana sehemu kubwa katika maradhi haya. Visima vingi vya Unguja na Pemba vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake huacha ukoko wa chokaa ndani ya injini. Ya karibu na pwani huwa na chumvi, ambayo hula chuma. Tumia maji safi ya mvua yaliyochanganywa nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya maji ya kupozea) ya injini za dizeli, ambayo pia huzikinga slivu zisitobolewe na vipovu vya mtikisiko. Kulanti ni sumu yenye utamu, basi iliyomwagwa isiachwe wazi penye watoto na mbuzi.

Baada ya kujaza, washa injini mpaka mpira wa juu upate moto, iache ipoe kabisa, kisha uongeze maji yaliyopungua na kupima shinikizo tena.