Jinsi ya kuitazama The Oxbow, ile picha ya Thomas Cole, bila kuipita haraka

Watu wengi wakikutana na hizi picha za mapori na milima ya Marekani za karne ya 19 wanasema "nzuri" afu wanapita, inaniuma kwa kweli. Chukua moja tu ukae nayo nusu saa. Ya kuanzia ni The Oxbow, Cole aliichora mwaka 1836, iko Metropolitan Museum kule New York na kwenye tovuti yao unaiona bure. Tumia kompyuta kama unayo, maana picha yenyewe ina upana karibu mita 2, kwenye simu vitu vingi vinapotea.

Kwanza kabisa tafuta mtu, uzuri utakuja wenyewe. Shuka chini kwenye mawe, zumu taratibu, utamwona jamaa wa kofia amekaa na turubai yake ya kuchorea, kageuza shingo anakutazama. Huyo ni Cole mwenyewe! Ukishamwona alivyo mdogo ndo unaelewa hilo bonde lina ukubwa gani.

Sasa ziba upande wa kulia kwa kiganja. Kinachobaki ni mti uliovunjika, mawingu meusi, mvua, pori. Hamisha kiganja uzibe kushoto, unapata jua, mashamba yaliyopangwa vizuri na mto Connecticut umejikunja kama kiatu cha farasi. Fanya hivyo mara 3 au 4, usichoke, maana picha nzima iko hapo kwenye huo mpaka, na mwaka uleule Cole alichapisha insha akilalamika shoka linavyomaliza misitu. Afu zumu kilima cha mbali uone mabaka palipokatwa miti, kuna wanaosoma herufi za Kiebrania pale, mimi naona makovu ya shoka tu.

Mwisho jiulize nani hayupo. Bonde lile lilikuwa na wenyeji kabla ya hayo mashamba, ila kwenye picha huwaoni kabisa, kwa hiyo neno "pori" usilimeze hivihivi.

Ukimaliza fungua ya Albert Bierstadt ya 1863, The Rocky Mountains, Lander's Peak, hiyo inapita mita 3 kwa upana. Macho yatakimbilia theluji na maporomoko, yarudishe chini, anza tena na watu: kuna kambi nzima ya Washoshone, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, pale, na farasi wao.